Tippu Tip na Sheria ya Baruti

Katika mtaa wa Donholm, ninakoishi, sikio la mtoto hufunzwa mapema kupambanua milio. Mlio mkali ukipasuka jioni upande wa Barabara ya Outer Ring, watu wazima hunyamaza kidogo wakisubiri kama utafuatwa na mwingine. Watoto huendelea na shughuli zao, maana wamekwisha kuamua iwapo ni gurudumu, ni eksozi ya matatu, au ni jambo la kuwafanya watu wakimbilie ndani. Majuzi binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa kidato cha tatu, alinijia na insha ya historia. Alitakiwa aeleze maisha ya Tippu Tip, na daftarini mwake alikuwa na mambo mawili tu: kwamba bwana huyo alizaliwa Unguja, na kwamba alifanya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Tulipokuwa tukizungumza ukasikika mlio. Binti hakuinua hata macho. Alisema ni matatu, akaendelea kuandika.

Mimi ni mwalimu wa isimu, si wa historia, kwa hiyo nilianza na lile nilijualo. Nilimwambia kwamba jina aliloliandika juu ya ukurasa wake ni mlio. Kisha mazungumzo yakatupeleka mbali kuliko insha yenyewe, hata nikaona si vibaya kuyaleta mbele ya walimu na wanafunzi wasomao ukurasa huu. Kila mara suala la leseni za silaha linapozuka nchini, sisi hubishana kana kwamba ni jambo jipya, ilhali yupo mtu wa kwetu ambaye maisha yake yote yalipandishwa na soko la bunduki na kushushwa na sheria ya bunduki. Vitabu vya shule humtaja kwa pembe na kwa minyororo, na ni haki kumtaja hivyo. Baruti husahauliwa.

Hamed bin Muhammed bin Juma el Murjebi alizaliwa Unguja yapata mwaka 1837. Ukoo wake wa upande wa baba ulitoka Oman, lakini nasaba ilikuwa imekwisha kuchanganyika na ya Waafrika, na wageni wa Ulaya waliokutana naye hawakukosa kuandika juu ya weusi wake. Baba yake alikuwa mfanyabiashara wa Unyanyembe, karibu na Tabora ya leo. Akiwa mtoto wa miaka kumi na miwili hivi Hamed alianza kwa biashara ndogo ya sandarusi katika pwani ya Mrima. Baadaye akaingia bara pamoja na baba yake, na baada ya hapo akaanza kusafiri kwa mtaji wa kukopa.

Kuhusu jina, kuna masimulizi matatu. La kwanza ni kwamba alikuwa akipepesa macho mfululizo, na watu wa bara wakamlinganisha na ndege mwenye tabia hiyo. La pili, ambalo David Livingstone aliliandika, ni kwamba Hamed alisimama juu ya ngawira ya vita akaikusanya karibu yake na kujiita mkusanyaji wa mali. La tatu ndilo alilolipenda mwenyewe: kwamba wale waliozikimbia bunduki zake waliiga mlio wake, tip, tip, na mlio ukamgeukia jina. Mwanafunzi wa Kiswahili ataitambua hapo tanakali ya sauti. Nami nakubaliana na mwenye jina, si kwa sababu yeye ni shahidi asiye na upendeleo, bali kwa sababu lugha yetu imekuwa na mazoea hayo hayo mbele ya silaha. Bunduki ya rasharasha tuliiita bombom, kwa mlio wake. Bunduki ya zamani iliyowashwa kwa jiwe tuliiita gumegume, kwa jina la jiwe lenyewe. Watu huita silaha kwa kile walichokisikia au kukiona ilipowafikia.

Vita vilivyomtoa Hamed katika ufukara wa wadeni vilitokea mwaka 1867 katika nchi ya Itabwa, kusini-magharibi ya Ziwa Tanganyika. Mtawala wa huko, Nsama, alikuwa na sifa ya kutoshindwa, na akiba ya pembe iliyozungumzwa hadi pwani. Hamed aliingia bomani mwake akiwa na kundi dogo, akapigwa mishale na kujeruhiwa, lakini watu wake walikuwa na bunduki na watu wa Nsama hawakuwa nazo za kutosha kuwakabili. Boma likatekwa. Pembe zikachukuliwa, na watu pia, na hili la watu nilimtaka binti asilifute kwa sababu tu tumeanza kuzungumzia mambo mengine. Mwaka huo huo Livingstone alimkuta njiani, akapewa mbuzi, nguo na shanga. Mgeni alipata ukarimu kutoka kwa mkono ule ule uliokuwa umeivunja Itabwa.

Sasa, bunduki hizo zilitoka wapi? Hapa ndipo somo lilipo. Majeshi ya Ulaya yalikuwa yakibadilisha silaha kwa kasi katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa. Kila aina mpya ilipoingia kambini, maelfu ya zile kuukuu ziliuzwa kwa bei ya kutupwa, na mahali pa kuzitupa palikuwa Afrika. Unguja ikawa ghala. Mwaka 1888 balozi wa Uingereza kisiwani, Euan-Smith, aliionya serikali yake kwamba silaha zipatazo kati ya 80,000 na 100,000 huingia barani kila mwaka kwa njia hiyo. Mkopo ulitoka kwa matajiri wa Kihindi, na tajiri aliyemkopesha Hamed zaidi ya wengine ni Tharia Topan. Msafara ulitoka pwani na nguo, shanga, magobori na mapipa ya baruti, ukarudi na pembe. Gobori lenyewe hudumu miaka mingi likitunzwa. Baruti huisha. Mtu wa Manyema mwenye bunduki mia moja na asiye na baruti ana marungu mia moja tu, mazito na ya bei ghali.

Nisieleweke kwamba Hamed alitawala kwa baruti pekee. Alikuwa na ulimi. Katika nchi ya Utetera alimsadikisha mtawala mzee kwamba wao ni jamaa, kupitia kwa mwanamke wa ukoo ule aliyechukuliwa zamani, na mzee akamwachia utawala. Sijui hadithi nyingine ya Afrika Mashariki ambamo nasaba ya kutunga imeleta faida kubwa kiasi hicho. Kufikia mwaka 1874, Cameron alipopita, na mwaka 1876, Stanley alipopita, hakuna mgeni aliyeweza kuvuka nchi za Lualaba juu bila ya ridhaa yake. Akiwa Kasongo, alipokea ushuru wa pembe, akaamua kesi, akaweka na kuondoa machifu.

Mwaka 1882 alirudi Unguja baada ya miaka mingi bara, na Sultani Barghash akamtaka arudi Kongo kulinda masilahi ya kisultani. Hata hivyo, Barghash hakuwa na uwezo wa kuwazuia Wazungu pwani, seuze bara. Mnamo mwaka 1886 kituo cha Dola Huru ya Kongo penye Maporomoko ya Stanley, panapoitwa Kisangani siku hizi, kilishambuliwa na watu wa Hamed, naye mwenyewe hayupo. Mwaka uliofuata, Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, asiye na nguvu za kukirudisha, aliona heri amwajiri. Hamed akafanywa wali wa maporomoko hayo kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi. Wengine wamemcheka kwa kukubali fedha ndogo hivyo. Mimi nadhani alijua anachonunua: nafasi ya kuendelea kupitisha mali yake katika nchi ambayo milango yake ilikuwa ikianza kufungwa na wengine.

Mapatano hayo yalifanyika Unguja pamoja na mengine. Stanley alikuwa akielekea kumwokoa Emin Pasha, na Hamed aliahidi kumpatia wapagazi 600. Walisafiri pamoja kwa meli iitwayo Madura, wakaizunguka Rasi ya Tumaini Jema hadi mlango wa Mto Kongo. Katika shehena ya msafara huo mlikuwamo bombom moja, zawadi ya Hiram Maxim aliyeibuni. Mtu aliyeitwa kwa mlio wa gobori alisafiri katika meli moja na chombo ambacho kingeyafanya magobori yote kuwa vitu vya makumbusho.

Wapagazi walichelewa, wakaja pungufu, mwaka 1888. Kikosi cha nyuma cha Stanley kilioza kambini Yambuya, na kiongozi wake, Barttelot, akapigwa risasi. Stanley alimtupia Hamed lawama zote, akamfungulia kesi Unguja. Hamed alikuwa na jibu moja ambalo hakulibadilisha hadi kufa: katika mapatano, Stanley ndiye aliyepaswa kutoa baruti ya watu hao, na hakuitoa. Waingereza wengi walilichukua jibu hili kama ujanja wa Mwarabu. Lakini mtu aliyeelewa biashara ya bara angeuliza ni mpagazi gani angekubali kuingia msitu wa Ituri na gobori tupu. Kesi yenyewe haikufika mbali.

Wakati huo sheria ilikuwa imekwisha kuanza kubadilika. Kuanzia Desemba 1888 hadi Oktoba 1889, manowari za Ujerumani na Uingereza zilizingira pwani yetu kuzuia silaha kuingia na watumwa kutoka. Kisha tarehe 2 Julai 1890 mataifa yaliyokutana Brussels yakatia sahihi mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na ndani yake mkawekwa vifungu juu ya silaha. Yeyote afundishaye historia ya Afrika Mashariki bila ya vifungu hivyo huwanyima wanafunzi ufunguo mkubwa. Vilipiga marufuku uingizaji wa bunduki, hasa zile za kisasa, pamoja na risasi na baruti, katika eneo lote la Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini ya ikweta, bahari hadi bahari, na visiwa vilivyo ndani ya maili 100 za baharini. Unguja ilikuwa humo. Silaha zilizoingia ziliwekwa katika maghala ya serikali. Magumegume na baruti ya kawaida yaliweza kutolewa kwa ajili ya kuuzwa, pale ambapo watawala waliruhusu. Bunduki zenye mitutu iliyochongwa mikondo ndani, zilengazo mbali, zilibakiziwa majeshi ya serikali na watu wachache wenye vibali, ambao silaha zao zilitiwa alama na kuandikishwa.

Sababu iliyotajwa ilikuwa njema, nami sina haja ya kuibeza. Bunduki ndiyo iliyowezesha vijiji kuvamiwa, na yule aliyepigwa mnyororo Manyema hangejali nani kaandika sheria maadamu bunduki zimepungua. Lakini isome kama msomaji wa lugha, uangalie sentensi inamtenda nani na inamwacha nani. Biashara ya silaha haikufa. Iligawanywa upya. Leopold alitoka katika mkutano ule ule na idhini ya kutoza ushuru wa hadi asilimia 10 kwa bidhaa ziingiazo Kongo, jambo ambalo awali lilikuwa limekatazwa. Jeshi lake liliweza kununua bunduki za kisasa kihalali. Wapinzani wake, ambao mwaka 1887 mmoja wao alikuwa mtumishi wake mwenye mshahara, waligeuka kuwa wamiliki wasio na kibali bila ya wao kununua hata risasi moja mpya.

Hamed aliondoka Kongo mwaka 1890, akafika Unguja mwaka 1891, na hakurudi tena. Vita kati ya Dola Huru na Waarabu wa Manyema vilianza mwaka 1892. Nyangwe ikaanguka Machi 1893, Kasongo mwezi uliofuata, na Sefu, mwanawe Hamed, akauawa mwaka huo. Wanahistoria wanatoa sababu nyingi, na kubwa yao ni kugombania pembe. Ngongo Lutete, aliyekuwa mkono wa kuume wa Waarabu, aliwahama, kisha wale aliowahamia wakamwua. Mimi naongeza tu kwamba upande mmoja uliletewa silaha kwa meli za mvuke na upande wa pili ulilazimika kuzinunua kwa siri.

Siri hiyo ilikuwa na bei. Charles Stokes, mtu wa Ireland aliyekuja kwetu kama mmisionari akageuka mfanyabiashara wa pembe na bunduki, alikamatwa mashariki ya Kongo na ofisa wa Dola Huru aitwaye Lothaire, kwa tuhuma za kuwauzia Waarabu silaha. Alihukumiwa harakaharaka na kunyongwa mnamo Januari 1895. Uingereza ikapiga kelele, fidia ikalipwa, Lothaire akashtakiwa na kuachiliwa. Kaskazini mambo yalikuwa mengine. Menelik wa Pili alipata silaha zake kupitia bandari zilizokuwa tayari kumuuzia, na mwaka 1896 akawashinda Waitaliano kule Adwa. Pale mfereji mmoja ulipozibwa, maji yalitafuta mwingine, na aliyekuwa mbali na mfereji akakauka.

Na nchi ya Kongo, baada ya Waarabu kuondolewa kwa jina la kukomesha utumwa? Ikafuata enzi ya mpira, iliyosimamiwa kwa bunduki halali, zilizoandikishwa ipasavyo.

Hamed aliishi miaka yake ya mwisho Mji Mkongwe, tajiri mwenye mashamba, akisimulia. Aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, kwa herufi za Kiarabu. Mjerumani Heinrich Brode akayageuza kwa herufi za Kirumi na kuyachapisha pamoja na tafsiri, na baadaye W. H. Whiteley akatoa chapa yenye Kiswahili na Kiingereza. Wanaisimu tunamshukuru kwa nathari hiyo, miongoni mwa za kwanza ndefu za aina yake katika lugha yetu, hata kama hatumshukuru kwa mengine. Alifariki Juni 1905. Mwezi mmoja baadaye vita vya Maji Maji vikalipuka katika koloni la Wajerumani, na watu waliiendea bombom wakiwa na mikuki, magobori na maji.

Miaka minne baada ya kifo chake, mwaka 1909, mwana wa yule Maxim, Hiram Percy, alipata hataza ya Marekani kwa kifaa cha kupunguza mlio wa bunduki. Baba kaleta kelele, mwana kaleta ukimya. Mwaka 1934 Marekani iliweka kodi ya dola 200 kwa kila kifaa cha namna hiyo, mara nyingi zaidi ya bei ya kifaa chenyewe wakati ule, na kodi ikadumu hadi sheria ya mwaka 2025 ilipoishusha kuwa sifuri kuanzia Januari 2026, ingawa kuandikisha kumebaki. Kwa muda wa miezi ile ya kusubiri, mnunuzi mwenye akili aliona heri angoje na muuzaji akakaa na mali rafuni. Waliokwisha kulipa hawakurudishiwa. Kwetu Kenya sheria ya silaha hukihesabu kifaa hicho kuwa silaha kamili, hata kikiwa peke yake mfukoni, na nadhani wakazi wa Eastlands, ambao sikio ndilo mlinzi wao wa kwanza, wataikubali hekima hiyo upesi kuliko wakazi wa mitaa yenye kuta ndefu.

Nayo serikali ilipoamuru, mnamo Desemba 2018, kwamba wote wenye leseni za bunduki nchini wachunguzwe upya, palikuwa na watu waliolala wakiwa wamiliki halali na kuamka wakiwa na jambo la kueleza. Sikusikitika nao sana. Hata hivyo, swali nililotamani kusikia likiulizwa siku zile ni lile la mwaka 1890: bunduki isiyokuwa na leseni tangu mwanzo, inayokodishwa gizani, itachunguzwa na nani? Aliye katika daftari huitwa. Asiye ndani yake hupandisha bei.

Binti alimaliza insha yake. Mfanyabiashara wa watumwa alibaki mfanyabiashara wa watumwa, kwa herufi kubwa, lakini chini yake zikaongezwa kurasa mbili juu ya baruti, mkataba wa Brussels na mapipa ambayo Stanley hakuyatoa. Mwalimu wake aliweka alama ya kuuliza pembeni na kutaka kujua habari hizo zimetoka wapi. Nilimpelekea nakala yangu ya Whiteley kwa mkono wa binti. Haijarudi bado, na kila nikimwuliza, huniambia kwamba mwalimu amefika pale kwa Nsama.